Fahali Mweupe wa Wunlit

Somo: Mwanzo 33:1–17



Katika somo la leo Yakobo anarudi nyumbani. Miaka ishirini imepita tangu alipomnyang'anya Esau ndugu yake baraka ya baba yao, na sasa habari zimemfikia kwamba Esau anakuja kumlaki akiwa na watu mia nne. Yakobo anaogopa sana. Anatanguliza zawadi za mifugo, anawapanga wake na watoto kwa mafungu, kisha yeye mwenyewe anatangulia mbele yao akiinama mpaka nchi mara saba. Esau anamkimbilia, anamkumbatia, na wote wawili wanalia.

Wengi wetu tukihubiri habari hii huishia hapo, maana ni mahali pazuri pa kuishia. Mwalimu wetu mmoja wa chuo cha theologia hakuturuhusu. Alitulazimisha kusoma mpaka mstari wa kumi na saba. Huko Esau anataka wasafiri pamoja, lakini Yakobo anatoa udhuru: watoto ni wachanga, mifugo inanyonyesha, Esau atangulie na yeye atamfuata mpaka Seiri. Hakwenda Seiri. Alikwenda Sukothi, akajenga nyumba huko. Ndugu hawa wamekumbatiana na kulia, na bado mmoja hataki kulala karibu na mwenzake.

Darasani siku hiyo tulikuwa na wenzetu wawili kutoka kusini mwa Sudan, mmoja Mdinka na mmoja Mnuer. Mwalimu aliposoma neno Sukothi walitazamana wakacheka, kicheko cha watu wanaolijua jambo. Jioni tuliwauliza walichokicheka, nao wakatusimulia habari ya mahali paitwapo Wunlit. Tangu siku ile tumeifuata habari hiyo kila tulipoweza, na leo twataka kuwaeleza, kwa kuwa mara mbili makanisa yaliingia katikati ya vita vya Sudan kutafuta amani, na mara zote mbili njia ilipitia hapa kwetu Kenya.

Vita vya kwanza vya Sudan vilianza hata kabla ya nchi kupata uhuru. Mwezi wa Agosti 1955 askari wa Kusini waliasi katika mji wa Torit, na uhuru ukaja tarehe 1 Januari 1956. Watu wa Kusini waliona ya kuwa Mwingereza ameondoka na mahali pake pameshikwa na bwana mwingine kutoka Khartoum. Dini nayo ilitiwa kama kuni. Mwaka wa 1960 serikali iliamuru siku ya mapumziko huko Kusini iwe Ijumaa badala ya Jumapili, wanafunzi wakagoma. Mwaka wa 1964 wamisionari wa kigeni walifukuzwa Kusini kote. Waliotoa amri ile yamkini walidhani kanisa litakufa. Kumbe kanisa lilibaki mikononi mwa wachungaji na makatekista wenyeji, nao wakakimbia pamoja na watu wao, wakalala msituni pamoja nao, wakavuka mipaka ya Uganda na Kongo pamoja nao. Jambo hili lilikuja kuwa na maana kubwa baadaye.

Mwezi wa Mei 1971 ujumbe wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, pamoja na wajumbe wa Jumuiya ya Makanisa ya Afrika Yote yenye makao yake Nairobi, ulikwenda Khartoum. Makanisa yalikuwa yakiwasaidia wakimbizi wa Kusini, na kwa hiyo wapiganaji wa Anyanya, waliokuwa chini ya Joseph Lagu, waliwajua. Sasa wakaketi na serikali ya Jaafar Nimeiri vilevile. Kanisa halikuwa na bunduki, wala halikuwa likitafuta cheo Khartoum. Hilo peke yake lilitosha kuwafanya watu wa pande zote mbili walisikilize.

Mazungumzo yalifanyika Addis Ababa mwezi wa Februari 1972. Upande wa serikali uliongozwa na Abel Alier, mwanasheria ambaye mwenyewe ni mtu wa Kusini. Msimamizi wa kikao alikuwa Kanoni Burgess Carr wa Liberia, katibu mkuu wa Jumuiya ile ya Nairobi, na kasisi wa ushirika wetu wa Kianglikana. Palipokuwa pagumu zaidi ni habari ya jeshi, maana hakuna mtu wa Kusini aliyekubali kulindwa na askari wale wale waliomchomea kijiji. Hapo Mfalme Haile Selassie alisaidia, ikakubaliwa kwamba jeshi la Kusini liwe na watu 12,000, na 6,000 kati yao wawe wenyeji wa Kusini. Tarehe 27 Februari 1972 mapatano yakawekwa sahihi, na vita vya miaka kumi na saba vikaisha. Wakimbizi wakaanza kurudi.

Twastahili kumshukuru Mungu kwa kazi ile. Lakini amani ile ilidumu miaka kumi na mmoja tu. Mwaka wa 1978 mafuta yaligunduliwa karibu na Bentiu, na Khartoum ikaanza kuitazama Kusini kwa jicho jingine. Mwaka wa 1983 askari wa Kusini waliasi huko Bor, Nimeiri akaivunja serikali ya Kusini na kuigawa nchi hiyo katika mikoa mitatu, na mwezi wa Septemba akatangaza sheria ya Kiislamu kwa taifa zima. Ni mtu mmoja aliyeweka sahihi, na ni yeye huyo aliyebomoa.

Kwa maoni yetu, mapatano ya Addis Ababa yalikuwa na upungufu wa namna mbili. Yalikuwa maneno ya wakubwa. Mama wa kijijini aliyeuliwa wanawe hakuulizwa neno. Na makanisa, baada ya kuleta watu mezani, yalirudi kwenye kazi ya mablanketi na mbegu na ujenzi wa shule, kazi njema isiyo na lawama, lakini si ile ya kuyalinda yaliyoandikwa.

Vita vya pili vilikuwa vibaya kuliko vya kwanza, na ubaya wake mkubwa ulikuwa wa ndugu kwa ndugu. Mwezi wa Agosti 1991 wakubwa wa jeshi la SPLA waligawanyika. Dk. Riek Machar, ambaye ni Mnuer, alijitenga na Dk. John Garang, ambaye alikuwa Mdinka. Mabishano ya wakubwa yakateremka yakawa ya makabila. Mwezi wa Novemba mwaka uleule wapiganaji wa upande wa Machar waliingia nchi ya Wadinka wa Bor. Shirika la Amnesty International lilikadiria ya kuwa watu wapatao 2,000 waliuawa, na wengi wengine walikufa njaa baada ya ng'ombe wao kuchukuliwa. Upande wa magharibi wa mto Nile moto ule ukaenea vilevile.

Yafaa tueleze watu hawa wanavyoishi. Kila kiangazi, maji yanapokauka, Wadinka na Wanuer wa magharibi hushusha ng'ombe wao kwenye mbuga za majani mabichi zilizo kando ya mito na vinamasi. Tangu zamani walinyang'anyana ng'ombe huko na kupigana kwa mikuki, na tangu zamani wazee walijua namna ya kumaliza ugomvi: ng'ombe walilipwa kwa ajili ya aliyeuawa, ukoo wake ukaendelea, maneno yakaisha. Bunduki iliuharibu utaratibu huo. Anayepiga risasi usiku hajui amemwua nani, na aliyefiwa hajui amdai nani. Basi kila upande ukaudai upande wa pili wote. Vijiji vikachomwa, wanawake na watoto wakatekwa, na nchi ya mpakani, yenye malisho mazuri kuliko yote, ikabaki tupu kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulisha hapo. Ng'ombe wakafa huku majani yakisimama.

Wakati huo makanisa yaliyokuwa katika sehemu zilizoshikwa na wapiganaji yalikuwa na baraza lao, Baraza la Makanisa la Sudan Mpya, lenye ofisi Nairobi. Tusidhani lilikuwa baraza la malaika. Kanisa letu la Kianglikana la Sudan lenyewe liligawanyika katika miaka ya 1980 kwa ajili ya uongozi, likapatana mwanzoni mwa miaka ya 1990. Pengine aibu ile iliwafundisha unyenyekevu. Mwezi wa Julai 1997, huko Kejiko karibu na Yei, viongozi wa makanisa waliketi na viongozi wa SPLM, wakakubaliana ya kuwa kanisa lishike kazi ya kupatanisha watu na watu, yaani kijiji na kijiji, wala si majemadari na majemadari.

Mwezi wa Juni 1998 baadhi ya machifu wa Kidinka na wa Kinuer waliletwa Lokichoggio, mji wetu wa Turkana, ambako ndege za chakula cha Sudan zilikuwa zikiruka kila siku. Waliketi wakaambiana waliyotendana, na waliporudi kwao walikuwa wamekubaliana kuita mkutano mkubwa. Lakini nani angeamini? Ndipo mapema mwaka wa 1999 machifu wa Kinuer walipovuka kwenda nchi ya Wadinka, na machifu wa Kidinka wakavuka kwenda nchi ya Wanuer, kila mmoja akijua anaweza kuuawa njiani. Wakarudi wazima. Habari ya kurudi kwao ilihubiri kuliko mahubiri yetu.

Wadinka ndio waliokuwa wenyeji wa mkutano. Huko Wunlit, katika Bahr el Ghazal, walijenga kijiji kipya kizima cha nyumba za nyasi zaidi ya mia moja, na visima vikachimbwa, ili wageni waliokuwa adui zao jana wapate kulala na kunywa. Hayo yalifanywa na watu waliotoka katika njaa kubwa ya mwaka wa 1998. Tukifikiri juu ya jambo hili huona haya tunapokumbuka mabishano ya kamati zetu kuhusu nani atalipia chai.

Mkutano ulianza tarehe 27 Februari 1999, siku ileile ya mapatano ya Addis Ababa, miaka ishirini na saba baadaye. Fahali mkubwa mweupe, aitwaye Mabior, aliletwa mbele ya watu. Wazee wa Kidinka washikao mikuki mitakatifu walisema maneno yao, machifu wakasema yao, na fahali akachinjwa. Maana yake ilijulikana kwa kila aliyekuwapo: atakayeivunja amani hii, na yampate yaliyompata fahali huyu. Maaskofu na wachungaji walikuwapo, nao wakaomba kwa jina la Yesu.

Tunakiri ya kuwa tulipoisikia habari hii chuoni ilitusumbua. Tulikuwa tumetoka kusoma Waraka kwa Waebrania, na tukauliza inakuwaje askofu asimame penye sadaka ya ng'ombe, hali Kristo alitolewa mara moja kwa ajili ya wote. Yule mwenzetu Mnuer hakukasirika. Alitueleza kwamba askofu alipoomba, Wakristo waliona kiapo kimefungwa. Fahali alipoanguka, na wale wasio Wakristo waliona kimefungwa. Na wenye bunduki walikuwamo katika makundi yote mawili. Sisi bado hatujamaliza kulifikiri jambo hili. Lakini tuliona ya kuwa kanisa lile halikuitafuta heshima yake, lilitafuta watu wote wafungwe na neno lao.

Kisha wakasema. Hili ndilo tulitakalo mlishike kuliko fahali. Upande mmoja ulipewa nafasi ya kusema yote uliyotendewa, machifu na wanawake na vijana, na upande wa pili ukaketi na kusikiliza pasipo kukatiza. Halafu zamu ikageuka. Walitaja vijiji kwa majina. Walitaja waliouawa, ng'ombe waliochukuliwa, mabinti waliotekwa. Mtenda husahau, mtendwa hasahau. Huko Wunlit mtenda alikumbushwa mbele ya watu, akaambiwa na mtendwa mwenyewe. Sisi wachungaji tungeona haraka ya kusema kwamba sote tulikosa, tusameheane, tufunge kwa sala. Wao walikaa siku kumi.

Tarehe 8 Machi waliweka agano, na zaidi ya watu mia tatu wakatia sahihi au alama ya kidole. Walikubaliana uadui ukome. Makosa yaliyotendeka kabla ya mwaka wa 1999 yalitolewa msamaha. Malisho na mahali pa kuvulia samaki vikawa vya wote wawili tena, watu warudi makwao, na wanawake na watoto waliotekwa watafutwe. Habari ya wanawake haikuwa rahisi. Mwingine alikuwa amekwisha kuzaa watoto na mtu aliyemteka, na kumrudisha kwao kulikuwa kumtenga na watoto wake. Agano halikuwa na dawa ya machozi hayo.

Amani ile ilijaribiwa upesi. Mwaka uleule wa 1999 mapigano ya kugombea visima vya mafuta yaliwafukuza Wanuer wengi kutoka nchi yao, nao wakakimbilia kwa Wadinka wa Bahr el Ghazal. Wakapokewa. Mwaka mmoja nyuma wangeuawa. Mwaka wa 2000 mkutano mwingine wa namna hiyo ulifanyika Liliir kwa ajili ya makabila ya mashariki ya Nile, na mwezi wa Januari 2002 Machar na Garang wakapatana. Tarehe 9 Januari 2005 mapatano ya serikali na SPLM yakatiwa sahihi hapa Nairobi, na tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ikawa nchi huru.

Mnajua yaliyofuata. Mwezi wa Desemba 2013 vita vilizuka Juba kati ya watu wa Rais Salva Kiir na watu wa Machar, na mara nyingine tena mtu akaulizwa kabila lake kabla ya kuuawa. Mwezi wa Aprili 2019 Papa Francis aliwaita viongozi hao Vatikani kwa siku za sala, shauri lililotokana na Justin Welby, aliyekuwa Askofu Mkuu wetu wa Canterbury wakati ule, na mzee yule, mwenye umri wa miaka 82, akapiga magoti akawabusu miguu. Wapo wanaosema basi Wunlit haikuwa na faida. Hatukubaliani nao. Wale waliofanya agano kijijini walikuwa machifu, na majeshi hayakuwa yao. Agano la malisho haliwezi kumzuia jemadari anayegombea ikulu. Lakini wapo watoto waliozaliwa na kukua mpakani katika miaka ile, na hao ni watu kama mimi na wewe.

Sasa turudi nyumbani, maana twaweza kuwasifu majirani tukasahau nyumba yetu. Nchi hii iliyowapa wengine mahali pa kupatana iliwaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Zaidi ya watu 1,100 waliuawa. Tarehe 1 Januari 2008, huko Kiambaa karibu na Eldoret, kanisa lilichomwa likiwa na watu waliokimbilia humo, wanawake na watoto. Mwezi wa Februari Baraza la Kitaifa la Makanisa lilikiri hadharani ya kuwa viongozi wa makanisa walikuwa wameegemea upande, likaomba radhi. Lilisema kweli. Tulikuwa tumeipoteza ile amana waliyokuwa nayo makanisa mwaka wa 1971. Kila upande ulijua askofu fulani ni wa nani.

Sisi wakati huo tulikuwa mashemasi wapya katika parishi moja ya Bonde la Ufa. Jumapili ya kwanza baada ya watu kurudi kanisani, kabila moja liliketi mkono wa kuume na jingine mkono wa kushoto. Tulipofika mahali pa kupeana Amani, kabla ya Meza ya Bwana, hakuna mtu aliyevuka njia ya katikati. Wazee walitazama vitabu vyao vya sala. Jumapili iliyofuata tuliiruka sehemu ile, tukasema muda umekwenda. Tukaendelea kuiruka.

Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, ambaye duka lake lilichomwa, alitufuata ofisini. Akauliza, "Pasta, mbona ile Amani umeiondoa?" Tukamjibu, "Mama, watu hawajawa tayari." Akasema yeye hakuwa na haja ya kushikwa mkono. Alitaka kwanza waliochoma duka lake waseme ni nani, maana anawauzia mwenzao chumvi na hajui.

Ndipo tulipoikumbuka Wunlit. Tuliomba ruhusa kwa kasisi mkubwa wetu, tukawaita watu Alhamisi jioni, bila nyimbo na bila mahubiri, waseme. Alhamisi mbili za kwanza walisema wale tuliotegemea watasema, na maneno yakawa makali mno hata tukadhani tumeharibu. Alhamisi ya tatu mzee mmoja alisimama, akasema mwanawe alikuwamo siku ile ya duka, na yeye alijua usiku uleule, akanyamaza. Yule mama hakulia wala hakumjibu. Aliuliza tu mabati ni bei gani siku hizi. Mzee akaleta mabati kumi na mawili, kidogo kidogo, kwa mkokoteni wa punda, mpaka mwezi wa Agosti.

Jumapili moja ya Septemba tuliirudisha Amani katika ibada. Mzee alivuka njia ya katikati. Mama alimpa mkono, kisha akarudi kuketi pale pale alipokuwa ameketi tangu Januari, mkono wa kushoto, karibu na mlango. Zipo jamaa nne ambazo hazikurudi katika parishi ile mpaka leo.

Na tuombe. Ee Mungu wa Yakobo na wa Esau, wakumbuke waliotekwa na hawajarudi kwao, walioketi karibu na mlango, na wale waliojua wakanyamaza. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.